Kuona, Kusikia na Mila: Hisi katika Usomaji wa Fasihi ya Kiswahili Madarasani Kakamega

Utangulizi

Mhakiki wa fasihi ya Kiswahili katika shule ya sekondari amezoea kuuliza maswali mawili kila anapokutana na mila katika kazi ya fasihi. Kwanza, ni mila gani iliyotajwa? Pili, je, mila hiyo inafaa au imepitwa na wakati? Maswali haya yana nafasi yake, na mwanafunzi anayeyajibu vyema hupata alama. Hata hivyo, lipo swali la tatu ambalo aghalabu tunaliruka, ilhali ndilo linalostahili kutangulia. Mila hiyo humfikiaje mtu anayeishi ndani yake? Je, huiona, huisikia, huinusa, huionja, au huipokea kwa mwili wake mzima?

Makala haya yanadhamiria kuonyesha kuwa watu hawatofautiani katika mila wanazofuata pekee. Wanatofautiana pia katika namna mila hizo zilivyowafunza kutumia macho, masikio, pua, ulimi na ngozi. Waswahili huziita hisi milango ya fahamu. Tukiukubali usemi huo, basi mila ndiyo bawabu wa milango hiyo: ndiyo inayoamua mlango upi ufunguliwe, upi uegeshwe, na ni nani aruhusiwe kupitia wapi. Mwalimu anayesoma kila kitu kwa jicho peke yake humnyima mwanafunzi sehemu kubwa ya maana ya matini. Tutaijadili hoja hii kwa kurejelea mazingira ya Kakamega, magharibi mwa Kenya, na kuyalinganisha mara kwa mara na pwani, ambako sehemu kubwa ya fasihi tunayoifundisha imechimbuka.

Hisi Tano na Lugha Yenyewe

Orodha ya hisi tano tunayoifundisha ina historia yake. Mwanafalsafa Aristotle wa Ugiriki ya kale, aliyeishi katika karne ya 4 kabla ya Kristo, alizijadili hisi tano katika maandishi yake kuhusu nafsi, na orodha hiyo ikaenea duniani kote kupitia elimu. Tumeizoea kiasi cha kudhani kuwa kila jamii huugawa ulimwengu vivyo hivyo. Mwaka 2002, mwanaanthropolojia Kathryn Linn Geurts alichapisha utafiti wake kuhusu Waanlo, ambao ni sehemu ya jamii ya Waewe nchini Ghana. Alionyesha kuwa jamii hiyo ina neno seselelame, linalorejelea kusikia kitu ndani ya mwili, na kwamba usawa wa mwili katika kusimama na kutembea huhesabiwa kuwa jambo la hisi na la maadili kwa wakati mmoja. Kwa watu hao, orodha ya Aristotle ni fupi mno.

Hatuna haja ya kwenda hadi Ghana ili tulione jambo hili. Kiswahili chenyewe kinatosha. Tuchunguze vitenzi vyake. Mtu anapotumia hisi kwa kukusudia, Kiswahili hutenganisha: hutazama, husikiliza, hunusa, huonja, hugusa. Lakini kitu kinapomjia mtu bila yeye kukitafuta, mipaka hiyo hulegea. Husikia sauti, lakini pia husikia harufu, husikia baridi, husikia njaa na husikia maumivu. Hali kadhalika, huona nyumba na pia huona haya, huona fahari, huona uchungu na huona wivu. Vitenzi viwili, kusikia na kuona, vimebeba mzigo ambao orodha ya hisi tano ingeugawa mara tano.

Jambo hili lina athari darasani. Mwanafunzi akiandika katika insha kuwa alisikia harufu ya mahindi ya kuchoma, wapo walimu wanaokata neno hilo kwa kalamu nyekundu na kuandika alinusa. Masahihisho hayo si sahihi. Kunusa ni kitendo cha makusudi cha kuvuta hewa kwa pua, ilhali kusikia harufu ni kufikiwa na harufu hata kama hukuitaka. Mwanafunzi alikuwa na Kiswahili fasaha. Mwalimu ndiye aliyesahihisha kwa kutumia orodha isiyo ya lugha hii. Aidha, mwalimu wa Kakamega anaweza kuwauliza wanafunzi wake wataje kitenzi ambacho lugha zao za nyumbani hutumia kwa sauti, kwa njaa na kwa harufu. Wanaozungumza Kiluhya katika lahaja zake mbalimbali watagundua upesi kuwa kitenzi chao cha kusikia nacho hakiishii sikioni. Zoezi hilo la dakika kumi hufundisha isimu na fasihi kwa pamoja.

Taswira si Picha Pekee

Tunapofundisha taswira, mara nyingi tunaanza kwa kusema kuwa ni picha inayojengeka akilini mwa msomaji. Kisha tunaorodhesha aina: taswira ya mwono, ya usikivu, ya mnuso, ya mwonjo na ya mguso. Orodha ni nzuri, lakini neno picha limekwisha kufanya kazi yake. Mwanafunzi anapotakiwa kutaja taswira katika shairi, hutafuta rangi na maumbo. Harufu huitaja mwisho, ikiwa ataitaja.

Hasara ya tabia hii huonekana zaidi tunaposoma fasihi yenye asili ya pwani. Katika utamaduni wa Waswahili, harufu ni lugha. Kiswahili hutofautisha kunuka na kunukia kwa kiambishi kidogo tu, na kiambishi hicho hugeuza tusi kuwa sifa. Kina neno shombo kwa harufu ya samaki mbichi na neno uvundo kwa harufu ya kitu kilichooza. Kwa upande mwingine kuna udi, ubani, asumini, kilua na kikuba. Udi ukifukizwa chumbani humwambia mgeni kuwa ameheshimiwa, au kuwa pana harusi. Ubani unaweza kumpeleka moja kwa moja kwenye maombi. Mwandishi wa pwani anapotaja asumini kwenye nywele za mwanamke, hapambi sentensi tu. Anatoa habari kuhusu hali ya mwanamke huyo, wakati wenyewe na nia iliyopo.

Mwanafunzi wa Shinyalu au Malava anaweza kulijua neno asumini kwa maana ya ua jeupe. Ameliona akilini, lakini hakusikia chochote. Hapo mwalimu hana budi kusaidia, na msaada bora si kumwonyesha picha ya ua. Ni kumuuliza swali: nyumbani kwenu, ni harufu gani inayokuambia kuwa kuna sherehe? Ni harufu gani inayokuambia kuwa mvua ya kwanza imefika na kumbikumbi watatoka? Kijana aliyewahi kukaa kando ya kichuguu huku watu wazima wakigonga vijiti kwa mdundo wa kuiga mvua ili kumbikumbi wajitokeze, tayari anajua jinsi sauti, harufu ya udongo na ladha vinavyoweza kuwa tukio moja. Akishalitambua hilo, ataweza kuvuka hadi kwenye udi na asumini bila kupotea.

Ni muhimu pia kutaja kuwa tofauti kati ya pwani na bara si ukuta. Mumias, iliyo katika kaunti ya Kakamega, ilikuwa kituo cha misafara ya biashara kutoka pwani katika karne ya 19, na Waswahili walipokewa katika makao ya Nabongo Mumia wa Wawanga. Uislamu umekuwa na mizizi hapo tangu enzi hizo. Kwa hivyo, katika darasa moja la Kakamega anaweza kuwapo mwanafunzi ambaye udi ni harufu ya nyumbani kwao, na mwenzake wa dawati moja ambaye hajawahi kuusikia. Mwalimu anayedhani kuwa darasa lake lina pua moja amekosea tangu mwanzo.

Isukuti na Taarab: Mila Mbili za Kusikiliza

Riwaya ya Siku Njema (1996) ya Ken Walibora, ambayo iliwahi kuteuliwa kutahiniwa katika shule za sekondari za Kenya, inatufaa sana katika mjadala huu. Kongowea Mswahili, ambaye ndiye msimulizi na mhusika mkuu, analelewa Tanga na mama aliyekuwa mwimbaji wa taarab. Baadaye anafunga safari ya kwenda Kenya kumtafuta babake, na safari hiyo inamfikisha magharibi mwa nchi. Wahakiki wengi wameijadili safari hii kwa misingi ya ploti, ya utafutaji wa baba na ya mshikamano wa Afrika Mashariki. Tunapendekeza isomwe pia kama safari ya masikio: kijana aliyekulia katika mila moja ya kusikiliza anaingia katika nchi yenye mila nyingine.

Taarab ya jadi ina adabu zake. Hadhira huketi, na maneno hupewa uzito mkubwa. Msikilizaji akiguswa na ubeti fulani, huinuka, huenda kwa mwimbaji taratibu na kumtunza pesa, na kwa kitendo hicho anaweza kumpelekea mtu mwingine ukumbini ujumbe ambao hangeutamka kwa kinywa chake. Kusikiliza taarab, basi, ni pamoja na kujua ni nani aliyeinuka, ameinuka katika ubeti upi, na ni nani aliyeinamisha uso.

Isukuti ya Waisukha na Waidakho wa Kakamega ina adabu tofauti. Jina hilo limetokana na ngoma zenyewe, ambazo hupigwa kwa seti ya tatu: kubwa, ya wastani na ndogo. Huandamana na pembe ya paa na njuga za chuma. Mwimbaji kiongozi hutanguliza maneno yanayolingana na tukio, na wachezaji huitikia kwa sauti na kwa mwili, wanaume katika safu yao na wanawake katika yao. Isukuti husikika katika uzazi, jando, harusi, mazishi na michezo, na ndiyo inayowasindikiza mafahali wanapopelekwa uwanjani kupigana. Aliyekulia katika mila hii haisikilizi isukuti akiwa ameketi. Mdundo wa ngoma kubwa huingia kifuani kabla ya maneno kufika sikioni, na mguu hujibu kabla ya akili. Kwake yeye, kusimama kando na kutazama tu si adabu, bali ni kujitenga na wafiwa au na wenye furaha.

Tofauti hii inafichua udhaifu katika ufundishaji wa ngomezi, yaani fasihi ya ngoma. Mifano inayotajwa zaidi katika vitabu hutoka Afrika Magharibi na Kongo, ambako ngoma huiga toni za lugha. Mifano hiyo ina msingi thabiti wa kitaaluma. John Carrington aliandika kuhusu ngoma za Walokele wa Kongo katika kitabu chake cha 1949, naye Ruth Finnegan akaitengea fasihi ya ngoma sura nzima katika kitabu chake kuhusu fasihi simulizi ya Afrika cha 1970. Lakini mwanafunzi wa Khayega anayekariri mfano wa Kongo huku ngoma za isukuti zikilia ng'ambo ya ua wa shule amefunzwa kuyaziba masikio yake mwenyewe. Wapo watakaopinga kuwa isukuti si ngomezi, kwa sababu maneno hubebwa na mwimbaji wala si ngoma. Pingamizi hilo lina nguvu, nasi hatutaki kulipuuza. Tunachosema ni kuwa mjadala huo wenyewe ufanyike darasani. Mwanafunzi atakayetetea upande wowote kwa ushahidi wa sikio lake ameelewa ngomezi kuliko aliyekariri fasili.

Kuna sababu nyingine ya kulitilia jambo hili maanani. Mwaka 2014, UNESCO iliiweka isukuti katika orodha ya turathi zisizoshikika zinazohitaji kulindwa kwa dharura. Miongoni mwa sababu zilizotolewa ni kuwa wengi wa wanaoihifadhi ni wazee wasio na warithi, na kwamba hadhira nyingi zimegeukia burudani za kisasa. Shule zimesaidia kwa kuipeleka isukuti katika tamasha za muziki. Lakini jukwaani isukuti hubadilika. Hupimwa kwa dakika, huelekezwa kwa waamuzi walioketi, na mambo yanayoonekana, kama vile mavazi na mpangilio wa safu, huanza kupata uzito kuliko yale yanayosikika mwilini. Yaani tumeihamisha mila kutoka hisi moja hadi nyingine. Si vibaya kuihamisha, mradi mwalimu ajue na amwambie mwanafunzi kuwa alichokiona jukwaani ni sehemu tu ya kitu chenyewe.

Jiwe la Ilesi na Suala la Tashihisi

Karibu na barabara ya kutoka Kakamega kwenda Kisumu, mahali paitwapo Ilesi, pamesimama mwamba mrefu wa takriban mita 40, wenye jiwe juu yake mithili ya kichwa. Maji hutiririka kutoka juu na kuacha michirizi. Wenyeji hulijua kwa jina la jiwe linalolia, na zipo hadithi mbalimbali zinazoeleza kilio hicho. Mgeni akifika huona mwamba, maji na michirizi. Mwenyeji aliyelelewa na hadithi hizo huona machozi.

Tukimpa mwanafunzi sentensi isemayo kuwa jiwe la Ilesi linalia, naye akaulizwa ni tamathali gani iliyotumika, ataandika tashihisi na atapata alama yake. Swali letu ni hili: tashihisi kwa nani? Fasili ya tashihisi huchukulia kuwa msemaji anajua kuwa kitu hakina uhai, kisha anakipa sifa za binadamu kwa makusudi ya kisanaa. Lakini katika jamii ambayo mlima, mto au jiwe huweza kuhesabiwa kuwa na habari ya kutoa, msemaji huenda hakukusudia pambo lolote. Alisema alichokipokea. Kumwekea muhuri wa tashihisi ni kumwambia kuwa hisi zake zilikuwa zikichezea maneno.

Hatusemi kuwa istilahi ya tashihisi itupwe. Mshairi wa leo anayeandika kuwa jua linatabasamu amefanya tashihisi bila shaka. Tunachopendekeza ni kuwa mhakiki atofautishe kati ya tashihisi ya mtunzi na imani ya mhusika. Katika riwaya moja msimulizi anaweza kutumia tashihisi katika ukurasa mmoja, na katika ukurasa unaofuata mhusika mzee akasema kuwa mti umekataa kukatwa, akimaanisha hivyo hasa. Mwanafunzi anayezitia sentensi hizo mbili katika kapu moja hajaijua nafsi ya mzee yule, na uhakiki wake wa wahusika utakuwa na kasoro.

Jicho, Mdomo na Mwili: Mila kama Adabu za Hisi

Mila nyingi tunazozitaja chini ya anwani ya desturi kwa hakika ni adabu za hisi. Tuchukue mifano mitatu inayofahamika Kakamega na viunga vyake.

Mfano wa kwanza ni wa jicho. Katika desturi za Waluhya, mkwe wa kiume na mama mkwe huepukana, na kila mmoja hujitahidi asimtazame mwenziwe usoni. Hali kadhalika, mtoto aliyelelewa vyema hamkodolei macho mzee anayemkanya. Sasa tufikirie mwanafunzi anayesimamishwa mbele ya mwalimu aliyekulia mahali pengine. Anainamisha macho kwa heshima, na mwalimu anasoma hatia. Katika matini, mhusika anayeinamisha macho huweza kuhakikiwa kuwa mwoga au mwenye siri, ilhali mwandishi alikusudia kumwonyesha kuwa ana adabu. Kosa ni lile lile, darasani na kitabuni.

Mfano wa pili ni wa ulimi. Kuku ana hadhi katika ukarimu wa Waluhya, na katika desturi firigisi, ambayo wenyewe huiita imondo, hutengewa mwenye mji. Zamani wanawake walizuiwa kula kuku kabisa. Kwa hiyo, sahani ya kuku si chakula tu. Ni mchoro wa mamlaka unaoonjwa. Mwanafunzi akikutana na karamu katika hadithi fupi, aulize ni nani aliyepewa nini, na nani hakupewa. Maudhui ya jinsia yanaweza kuwa yamelala ndani ya bakuli wakati yeye anayatafuta katika hotuba za wahusika.

Mfano wa tatu ni wa mwili mzima. Wabukusu, ambao wengi wako Bungoma na baadhi yao Kakamega, hutahiri vijana wao katika miaka inayogawika kwa mbili. Mtahiriwa hupakwa matope baridi ya mtoni alfajiri, kisha husimama wima mbele ya umma bila kutikisika. Baridi ya matope, uzito wake juu ya ngozi na uwezo wa kusimama imara ndivyo vinavyomfunza kijana maana ya utu uzima kabla ya mtu yeyote kumwambia neno. Hapa tunaukumbuka utafiti wa Geurts kuhusu usawa wa mwili. Mwanafunzi anayeandika kuwa mivigha ya jando ina nyimbo na maleba amesema kweli, lakini ametaja vinavyoonekana na kusikika kutoka nje tu. Hajasema chochote kuhusu anayesimama.

Je, Kuisikia Mila ni Kuitetea?

Msomaji wa makala haya anaweza kuhofia kuwa tunafungua mlango wa kutetea kila mila kwa hoja kwamba wenyewe huisikia hivyo. Hofu hiyo ina msingi. Katika tamthilia ya Natala (1997) ya Kithaka wa Mberia, mjane anakataa kurithiwa na shemeji yake, na tamthilia inamuunga mkono. Hakuna mhakiki mwadilifu anayeweza kusema kuwa Natala alikosea kwa sababu tu jamii yake ilizoea urithi wa wajane. Mfano wetu wa firigisi nao unaonyesha kuwa adabu za hisi huweza kuwa njia ya kumnyima mtu haki yake mezani.

Jibu letu ni kuwa kuielewa mila kwa hisi kunamwezesha mhakiki kuihukumu vizuri zaidi. Natala mwenyewe yumo ndani ya mila anayoikataa. Anajua uzito wa matanga na macho ya majirani, na kwa sababu hiyo ukaidi wake una thamani. Mwanafunzi asiyesikia uzito huo atauona ukaidi wa Natala kuwa jambo rahisi, na atamaliza kwa kuandika kuwa mila hii imepitwa na wakati, sentensi ambayo inaweza kubandikwa kwenye kitabu chochote. Ni nani aliyelipa gharama ya mila hiyo, na gharama hiyo ilisikika wapi? Hapo ndipo hukumu ya kifasihi inapoanzia.

Vile vile tusisahau kuwa hisi hutofautiana ndani ya jamii moja. Mwanamke na mwanamume hawasikii karamu moja kwa namna moja. Mkristo aliyekatazwa na kanisa lake kucheza isukuti na jirani yake anayeicheza husikia ngoma ile ile, lakini mmoja hujizuia na mwingine hujiachilia. Kusema kuwa Waluhya huhisi hivi au Waswahili huhisi vile ni kuanza mazungumzo, si kuyamaliza.

Mapendekezo kwa Mwalimu

Tunatambua kuwa mwalimu ana silabasi ya kumaliza, na karatasi ya fasihi katika mtihani wa KCSE, yenye alama 80, haimsubiri mtu. Kwa hivyo mapendekezo yetu ni machache na hayahitaji vifaa.

Kwanza, mwalimu anaposoma dondoo na wanafunzi, awaombe wafumbe macho wakati wa usomaji wa kwanza, kisha waseme walichosikia, kwa maana zote za kitenzi hicho. Maswali ya kilichoonekana yaje baadaye.

Pili, kila mila inapotajwa katika riwaya, tamthilia au hadithi fupi, mwanafunzi aandike sentensi mbili kabla ya kuihukumu: mila hii hupokelewa kwa hisi gani, na ni nani asiyeruhusiwa kuitumia hisi hiyo?

Tatu, katika fasihi simulizi, mifano ya vitabuni iambatanishwe na mmoja wa nyumbani. Mwanafunzi wa Kakamega atoe isukuti, wa Mumias atoe maulidi au mfano mwingine anaoujua, na aliyetoka mbali alete wa kwao. Mtahini hutaka mfano sahihi, hajali umetoka kijiji gani.

Nne, vijana watumwe kwa wazee, si kukusanya nyimbo tu, bali kuuliza zinasikikaje. Ngoma hii ikilia usiku, babu au kuku husikia nini? Je, kuna mdundo unaowafanya waache kula? Majibu ya maswali hayo hayapatikani katika mwongozo wowote, na wanaoyajua wanazidi kupungua.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kuwa mila ni pamoja na namna ya kuhisi, na kwamba lugha ya Kiswahili, kwa vitenzi vyake vya kusikia na kuona, imelijua jambo hilo kabla ya wanataaluma kuliandikia vitabu. Tumeona pia kuwa istilahi zetu, kama vile taswira, tashihisi na ngomezi, hufanya kazi vizuri zaidi mhakiki anapouliza ni nani anayehisi. Mwanafunzi anayefika darasani kutoka Ilesi au Malinya hafiki mikono mitupu. Ana sikio lililofunzwa na ngoma, ngozi iliyofunzwa na mvua ya alasiri, na macho yaliyofunzwa kuinama. Uhakiki unaompuuza utamfanya akariri hisi za watu wengine. Unaomtambua utampa mahali pa kusimama anapokutana na udi wa Tanga au kilio cha mjane katika tamthilia, naye ataweza kusema kwa ushahidi ni wapi anakubaliana na mwandishi na ni wapi anatofautiana naye.